Mama Sabuni na Moto Mchafu

Asubuhi aliyofika kambini, kabla hajatua hata sanduku lake, alilijua jiko kwa pua. Watu wengine wakifika mahali pageni hutazama, yeye hunusa. Harufu ilimjia kutoka nyuma ya mahema: dizeli, plastiki iliyoungua, na chini ya hivyo kitu kama nywele zilizoguswa na moto. Akaifuata, sanduku mkononi, mpaka penyewe. Paliitwa jikoni kwa sababu tu palikuwa na mawe matatu na bati moja la kukinga upepo. Yale mawe yalikuwa yamevikwa plastiki iliyoyeyuka ikaganda, nyeusi, ikining'inia kwa nyuzi kama kamasi la mtoto asiyepengwa.

Kando ya mawe alichuchumaa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, anakata soli ya ndala kuukuu kwa kisu. Kisu kile kile, alivyokuja kugundua kabla jua halijawa kali, ndicho kilichokatiwa vitunguu.

“Karibu mama,” yule bwana akasema. “Wewe ndiye mpishi mpya? Kaa hapo, nikuwashie moto unywe chai.”

Akavipanga vipande vya soli chini ya kuni mbichi, akakunja mfuko wa plastiki akauchomeka katikati, akamimina dizeli kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akawasha kiberiti, akaruka nyuma. Moto ukalipuka buu! Moshi ukapanda mzito, mweusi, kisha kama uliosahau njia ukainama na kuingia kwenye sufuria isiyo na mfuniko. Vipande vya masizi vikashuka juu ya maji, kimoja kimoja, kama nzi waliokufa angani.

Chai ilipoiva ilikuwa na utando juu yake, wenye rangi saba. Mama akakitazama kikombe. Kikombe nacho kikamtazama.

“Wenzako wanakunywa hii?”

“Mwezi wa tano huu. Hajafa mtu.”

Akaimwaga chini. Hata udongo, aliapa baadaye, haukuipokea vizuri. Ilikaa juu juu inameremeta.

“Baba,” akamwambia, “mimi sipikii watu taka.”

Ile ilikuwa kambi ya wapima barabara: wanaume kumi na mmoja na injinia wao, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti lakini mkali wa hesabu. Walikuwa wakipima njia mpya kupita porini, wanapigilia vigingi hatua kwa hatua, na kila wiki mbili tatu wanang'oa mahema kusogea mbele. Yule mwenye kofia ya sufu alikuwa mtunza stoo, na kabla mpishi mpya hajaja ndiye aliyekuwa akipika. Jina lake hakuna aliyelitumia. Kila kilichogoma kuwaka alikimiminia dizeli, basi wakamwita Dizeli, naye akaitika.

Mpishi naye hakuchelewa kupewa jina. Siku ya pili alining'iniza kipande cha sabuni kwa kamba pa kuingilia jikoni, chini yake akaweka ndoo na kata, akatangaza kwamba asiyenawa hapati sahani. Mpima mmoja akajaribu kupenya na vidole vyenye rangi. Mama akaikamata sahani upande wa pili, wakavutana nayo kama mbuzi wa mnada, na mpima akaenda kunawa. Kuanzia siku ile akawa Mama Sabuni.

Watu walidhani amezaliwa hivyo, na kinyaa chake. Hapana. Kinyaa alikipata kwa shangazi yake.

Alikuwa na miaka tisa mama yake alipofariki, akapelekwa kulelewa na dada wa baba, mwanamke mchoma chokaa aliyeishi peke yake karibu na tanuri. Shangazi alitafuna tumbaku tangu macheo, na mate yake aliyatema kwenye kopo lililokaa bega kwa bega na chungu cha mboga. Akiwa na mafua, alijifuta pua kwa pindo la kanga, na pindo lilo hilo likafuta sahani. Kucha zake zilikuwa na mpaka mweusi usiofutika hata kwa maji ya moto. Mtoto akisita kula, shangazi alimwambia, “Mdomo ndio unaokula, si macho. Yafumbe.” Mtoto akafumba. Lakini pua haina kope.

Hata hivyo mwanamke yule aliujua moto. Tanuri la chokaa haliulizi kama kuna mvua; siku ya kuwashwa ni siku ya kuwashwa. Njiti za kiberiti zilikuwa zinalowa, upepo unazizima, lakini shangazi alikuwa na kopo lingine (ashukuriwe Mungu, si lile la mate), na ndani yake vitu vyeusi vyepesi ambavyo cheche moja tu ilitosha kuvifufua. Alivitengeneza mwenyewe. Alikwenda kwenye magogo yaliyoanguka, akabandua ule uyoga mgumu unaoota ubavuni kama sikio, akaung'ata, akautafuna kidogo, akatema. “Huu umekauka,” anasema. Au, “Huu bado.” Kisha ule uliobaki, wenye alama za meno na mate yanayong'aa, anampa mtoto: “Shika.”

Mtoto alishika. Alibeba mate ya shangazi yake kwa miaka minane, roho imemchafuka, na katika miaka hiyo akajifunza kila kitu. Siku alipoolewa na fundi cherehani mmoja mtulivu, alioga mara tatu kabla ya kuvaa. Mengine yote ya shangazi aliyaacha palepale kwenye tanuri. Moto ndio aliouchukua.

Fundi cherehani alikufa mapema, akamwachia binti mmoja na mashine ya kushonea ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuitumia. Ndipo akaanza kupika kwenye makambi: ya wakata miti, ya wachimba visima, ya watu wa nguzo za umeme. Miaka kumi na tisa ya masufuria makubwa. Na kila kambi alikokwenda alikuta watu wanawasha moto kwa takataka, nao wanashangaa kwa nini chakula kina ladha ya viatu.

Kwa hiyo, juma lile la kwanza kwa wapima, aliyachoma kwanza yale mawe matatu mpaka plastiki yote ikaisha, akayazika. Kisha akatafuta mawe mengine, akaingia porini na kikapu.

Alirudi na vitu ambavyo wapima waliviona ni vya kutupa. Uyoga mgumu wa kwenye gogo. Kiini cha mabua makavu, kile cheupe chepesi kama sifongo. Na vipande vya mti uliooza ukakaukia hukohuko uliko, unaovunjika kwa vidole kama mkate wa jana. Mti mbovu wenye unyevu hakuugusa, kwa sababu ulikuwa na funza ndani, wanene, weupe, nao walimfanya ameze mate mara mbili. Uyoga aliukata kwa kisu na kuupima kwa kidole gumba. Meno yake hayakuhusika.

Akavipanga vyote kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana, mfuniko ameutoboa tundu moja kwa msumari. Akaliweka kopo juu ya makaa. Baada ya muda moshi ukaanza kutoka kwenye tundu, mwembamba, mweupe, kisha wa manjano, unanuka kama kabati lenye mzoga wa panya.

“Mama anapika mbao!” Dizeli akapiga kelele akiwa mlangoni mwa stoo. “Njooni muone chakula cha leo!”

Wakaja, wakacheka, wakaziba pua. Mama Sabuni naye alikuwa amejifunga kitambaa puani, maana hakuipenda ile harufu kuliko wao. Alingoja. Moshi ulipokoma kabisa, akalitoa kopo, akaziba tundu kwa kijiti, akaliacha.

“Fungua tuone,” mmoja akasema.

“Ukilifungua sasa, hewa ikiingia, vyote vitashika moto na utabaki na jivu. Subiri lipoe.”

Lilipopoa akafungua. Ndani mlikuwa na vipande vyeusi, vyepesi, laini, vyenye umbo lile lile la mwanzo. Yeye aliviita mkaa mwororo. Akatoa kipande cha tupa kuukuu ya kunolea na jiwe jeupe gumu, akagonga mara mbili juu ya kopo. Cheche ikadondokea ukingoni mwa kipande kimoja. Haikulipuka. Ilikaa tu pale, doa jekundu kama kichwa cha njiti, likaanza kutambaa polepole bila moto wala moshi. Akakiweka kipande katikati ya kiota cha nyasi kavu na nyuzi za maganda ya mti, akakiinua kwa mikono miwili, akapuliza. Kiota kikatoa moshi, kikanuna kidogo, halafu moto ukazaliwa mikononi mwake, safi, wa manjano. Akauweka chini ya vijiti vyembamba. Kopo akalifunga, na mkaa uliobaki ukazimika wenyewe kwa kukosa hewa.

Hakuna aliyecheka. Ila Dizeli alisema, “Mimi ningekuwa nishapika na kula.”

Mvua zilipoanza, waliacha hata kusema hayo. Viberiti vililowa, kuni zikalowa, mahema yakaota ukungu. Mama Sabuni alipasua gogo ili apate moyo wake mkavu, akagonga tupa yake chini ya turubai, na wapima wakanywa uji wa moto kabla ya kwenda kazini. Uji ukawa na ladha ya uji. Mpima mmoja mzee alikiri kwamba alikuwa amesahau maharagwe yana ladha gani. Miezi miwili ikapita hivyo, na ingawa mama hakuwapenda sana (walikuwa wanatema ovyo, wanakausha soksi juu ya kuni zake), alianza kuwazoea.

Kisha binti yake akapiga simu. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na daktari amesema muda wowote.

“Mama, njoo. Mkwe wako anaogopa kuliko mimi.”

Injinia alimpa siku sita. Kabla ya kuondoka, mama alipika, akaosha, akachambua maharagwe akayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, akampa Dizeli kopo lililojaa mkaa mwororo. Akamwonyesha kwa mkono wake tupa, jiwe na kiota, mara tatu.

“Nimeelewa, mama,” Dizeli akasema, macho yake yakiwa kwenye simu. “Nenda kalee mjukuu.”

Mjukuu alizaliwa salama, msichana mwenye sauti ya tarumbeta. Siku ya sita Mama Sabuni alishuka barabara kuu, na dereva wa kambi akaja kumchukua. Dereva yule alikuwa mtu wa maneno mengi, anayeweza kukusimulia harusi ya mtu usiyemjua mpaka ukaijua keki. Siku hiyo alikuwa kimya. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba.

“Jino?”

“Jino, mama, lile lile. Wiki nzima.”

“Na kambini hamjambo?”

Dereva akabadilisha gia pasipohitajika. “Watu wanaumwa kidogo. Matumbo.”

Hakuongeza neno kwa saa mbili zilizobaki. Mama alidhani ni jino.

Alipofika, harufu ilimpokea kwanza: matapishi. Chini ya turubai kubwa walilala wanaume tisa, kila mmoja na ndoo au debe kichwani pake. Nzi walikuwa wameshapata habari. Mpima mzee alikuwa wa kijivu, midomo imepasuka. Mama akaweka sanduku chini aende kwake, lakini yule mzee alipomwona alijisogeza mbali na kugeuzia uso upande wa pili. Wa pembeni yake akatema mate chini. Si ya ugonjwa. Yalimlenga yeye.

Injinia, aliyekuwa makao makuu tangu siku mama alipoondoka na amerudi jana yake tu, alikuwa ameketi mezani. Mbele yake, juu ya gazeti, kulikuwa na uyoga mkavu wote wa mama, mabua yake, na makopo mawili yaliyo wazi. Vitu hivyo alikuwa ameviacha ndani ya sanduku dogo la chini ya kitanda chake, lililofungwa, chini ya nguo zake. Nguo za ndani. Dizeli alikuwa amesimama nyuma ya injinia, yeye pia amepauka, anashika tumbo, na mama akaitazama mikono yake, vidole vile vyenye grisi, akawaza vimepita wapi ili kuufikia ule uyoga.

“Shikamoo mama. Naomba ukae kwanza.”

“Marahaba mwanangu. Nimekaa garini saa mbili. Nitasimama.”

“Hivi ni vitu gani?”

“Vya kuwashia moto. Umeniona navyo miezi miwili.”

“Huu ni uyoga?”

“Ulikuwa uyoga. Nikishauchoma ni mkaa.”

Injinia alishusha sauti. “Mama, nielewe. Watu tisa wanatapika siku ya tatu leo. Tabibu amekuja, anasema wamekula kitu kibaya. Mtunza stoo anasema chakula cha mwisho walichokula kabla ya kuugua ni maharagwe uliyoyaacha wewe. Na wewe unaweka uyoga wa porini jikoni. Mimi nifikirie nini?”

“Sumu!” Sauti ikatoka chini ya turubai. “Mwambie sumu!”

Tangu lini, mama akawaza, mtu niliyemlisha kwa miezi miwili, nikamwoshea sahani aliyoilamba, ananiita mwuaji akiwa amekalia mkeka nilioufagia mimi? Kile alichokihisi hakikuwa hasira. Hasira ina joto. Hiki kilikuwa baridi, cha kunata, kama mtu aliyekanyaga kitu pekupeku akajua ni nini kabla ya kutazama.

“Kila mtu alikula maharagwe?” akauliza.

“Kila mtu.”

“Na kila mtu anaumwa?”

Injinia akahesabu kwa macho. Akageuka pole pole. “Dereva haumwi.”

Dereva alikuwa ameegemea mlango wa gari, shavu mkononi.

“Ulikula maharagwe?” mama akamwuliza.

“Nilikula, mama. Niliyaponda kwa mwiko, kwa sababu ya jino.”

“Wenzako walikula nini ambacho wewe hukuweza kutafuna?”

Dizeli akakohoa kikohozi cha kumkumbusha mtu jambo.

“Dereva,” injinia akasema.

“Nyama,” dereva akasema, anaiambia ardhi. “Walinunua mbuzi. Walimchoma.”

Mama Sabuni hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda jikoni kwake. Wavu wa chuma ulikuwa bado juu ya mawe, umeganda mafuta, na mafuta yale hayakuwa na rangi ya mafuta. Yalikuwa na ukoko wa kijani uliochanganyika na wekundu, unaonata. Akainama, akanusa mara moja tu, akasimama na machozi ya ukali. Akachukua kijiti, akachakura jivu. Kipande cha mti kikajitokeza, hakikuungua chote: kimechongwa ncha upande mmoja, kina rangi nyekundu upande wa pili. Kingine. Na kingine. Pembeni kulikuwa na chupa ya maji ya kunywa, imebakiwa na dizeli vidole viwili.

Injinia alikuwa amemfuata. Aliviona, akaweka mkono mdomoni.

“Vigingi vyangu.”

Vile vigingi vililetwa kambini vikiwa vimelowekwa dawa ya mchwa, dawa kali, na kila mzigo ulikuwa na karatasi yenye fuvu na maandishi makubwa: visichomwe. Mpima yeyote alijua kuvishika kwa glavu. Wakaenda stoo. Mzigo mmoja haukuwepo, na wa pili ulikuwa umefunguliwa.

“Kuni ni kuni, injinia,” Dizeli akasema, ingawa sauti ilikuwa imeishiwa nguvu. “Mvua ilinyesha, kila kitu kimelowa, vigingi ndivyo vilikuwa vikavu. Ningefanyaje?”

“Nilikuachia kopo limejaa,” mama akasema. “Nilikuonyesha mara tatu.”

Na hapo Dizeli, mwenye grisi kuchani na ubao wa sumu jikoni, alikunja uso akasema kwa ukweli kabisa, “Lile la uyoga? Nani ashike kile kitu, mama? Kinatia kinyaa.”

Injinia alifanya yaliyopaswa. Wagonjwa walipakiwa wakapelekwa hospitali wakiwa na kipande cha kigingi na ile karatasi yenye fuvu, ili daktari ajue anapambana na nini. Hakufa mtu, ingawa mpima mzee alikaa huko majuma mawili na alirudi suruali ikimvuka. Dizeli aliondolewa, akapelekwa mahali pa kutunza vipuri, mbali na chochote kinacholiwa. Hakumuaga mama.

Lakini jambo lililomkaa mama kooni halikuwa Dizeli. Dizeli alikuwa mvivu, na uvivu una harufu unayoizoea. Jambo lilikuwa dereva. Jioni ile ile, kabla gari la wagonjwa halijaondoka, alimwita pembeni ya tangi la maji.

“Ulijua ni vigingi.”

“Nilimwona akivitia, mama.”

“Ukanipakia garini. Ukaniona nakwenda kuitwa mwuaji. Saa mbili nzima.”

“Dizeli alisema nikifungua mdomo, mafuta ya gari nitayaona kwa darubini. Niliogopa. Nikasema, acha, wewe ni mama mtu mzima, utajitetea.”

Mama akamtazama lile shavu. Aliwahi kumtengenezea karafuu za jino hilo kwa mikono yake. Akageuka, akaenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Wapima waliporudi kutoka hospitali walikuja kuomba radhi mmoja mmoja, kofia mkononi, na radhi zao zilikuwa tamu mno. Mama wewe ni zaidi ya mama. Mama mkono wako ni dawa. Yule aliyetema mate chini alimletea kanga mpya. Aliipokea, maana kukataa ni ugomvi, akaiweka bila kuifungua. Mbivu na mbichi alikwishazijua, na sukari iliyomiminwa juu ya mbichi haikumdanganya.

Kitu alichodai ni kimoja: kila mtu kambini ajue kuwasha moto safi, ili siku asipokuwepo pasiwe na kisingizio. Injinia akakubali, akawa wa kwanza kukaa chini na kopo lake.

Somo lile lilikuwa mateso. Wanaume wazima walipuliza viota vyao kwa mate mengi hivi kwamba nyasi zilikuwa zinadondoka matone. Mmoja alipenga kamasi kwa vidole kisha kwa vidole hivyohivyo akachukua mkaa. Mwingine alitia uyoga wenye funza, na kopo lilipopata moto likaanza kuchuruza maji ya hudhurungi kwenye tundu, na harufu iliyotoka hapo ilimfanya hata mwenye kopo akimbie. Mpima kijana mwenye haraka alifungua kopo lingali moto. Mkaa wote ukawaka ghafla usoni pake, ukala nyusi zake, ukabaki jivu.

“Nilisema lipoe,” Mama Sabuni akasema kupitia kitambaa chake.

“Nilitaka kuona tu, mama.”

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Haya, rudi porini.”

Injinia ndiye aliyefanikiwa kwanza. Cheche yake ilishika kwenye kiini cha bua, akakikunjia kiota, akapuliza pumzi ndefu kavu, na moto ulipopanda alipiga kelele kama mtoto aliyeshinda mbio. Mama alijikuta anatabasamu ndani ya kitambaa, pasipoonekana. Baada ya wiki tatu wote waliweza, wengine kwa shida, na hapakuwa tena na chupa ya dizeli karibu na mawe. Zaidi ya hapo hakuwadai kitu.

Aliendelea kuwapikia mpaka mstari wa barabara ulipofika mtoni, ambako mkataba uliishia. Chakula kilikuwa kile kile, chumvi yake kamili. Ila yeye hakula tena nao. Alijipakulia sahani yake kabla, akala upande wa nyuma wa jiko, mgongo umewageukia. Walipomwita kwenye kambi inayofuata, ng'ambo ya mto, injinia mwenyewe akamwandikia barua nzuri, mama akajibu kwamba ana mjukuu wa kulea. Ilikuwa kweli, na haikuwa yote.

Siku ya kuondoka, dereva ndiye aliyempeleka barabara kuu. Jino lilikwishang'olewa, na maneno yalikuwa yamemrudia, lakini yalikuwa yanakwama. Alizungumzia mvua, akaacha. Akazungumzia bei ya matairi, akaacha. Nusu ya njia alisimamisha gari kivulini ili injini ipoe. Mama akatoa chupa yake ya chai, akajimiminia, akanywa taratibu. Ilikuwa chai ya mwisho ya jiko lile, haina utando, haina moshi.

“Mama,” dereva akasema, mikono yote miwili kwenye usukani ingawa gari limesimama. “Umenisamehe?”

Alifikiri kwa dhati, kwa sababu hakupenda kujibu swali kama hilo kwa mdomo tu.

“Nimekusamehe.”

Dereva akashusha pumzi ndefu, uso ukamkunjuka, akacheka kidogo kwa nafuu. Kiu nayo ikamshika, akanyoosha mkono kuelekea kikombe kilichokuwa juu ya goti la mama.

Mama Sabuni akakisogeza mbali.

“Kikombe changu usinywee,” akasema, akafunga chupa.